Nyota ya Tatu ya Mjomba Soulé

Watu wa Dzamandzar, katika kisiwa cha Nosy Be, Madagaska, waliomjua Soulé kabla kiwanda cha sukari hakijafungwa walimjua kwa koti lake jeupe. Miaka ishirini na saba alifanya kazi katika maabara ya kiwanda, chumba kilichonuka molasi hata siku za Jumapili. Kazi yake ilikuwa kutia maji ya miwa yaliyochujwa ndani ya bomba la kioo, kupitisha mwanga upande mmoja, na kutazama upande wa pili mwanga umepinda kiasi gani. Kwa kupinda kule alijua sukari imo kiasi gani. Alipima kila bomba mara tatu, na vipimo vitatu vikigombana alimwaga yote akaanza upya, wakubwa wake wapende wasipende.

Rabiata alikuwa mtoto wa dada yake, Zaïtoun. Zaïtoun alifika kwa kaka yake mwanzoni mwa mwaka 1977 na mimba ya miezi miwili, akikimbia Mahajanga baada ya Wakomoro wenzake kuuawa na kufukuzwa katika mji ule. Mumewe alikuwa ametangulia kutoka nyumbani asubuhi moja kwenda kumtafuta ndugu yake, na hakurudi. Mtoto alizaliwa Dzamandzar, akalelewa na mjomba. Ni Soulé aliyempeleka shule, na ni Soulé aliyemfundisha kusoma namba kwenye kioo cha kipimo, akimpakata juu ya meza ya maabara. Hata Rabiata alipofaulu mtihani na kutaka kwenda chuo Mahajanga, mama mtu akalia siku tatu kwamba mtoto harudi katika mji ule, ni Soulé aliyemtuliza dada yake: "Mwache aende. Mji haukufanya kitu. Watu ndio waliofanya."

Basi akaenda, akasoma fizikia, akabaki Mahajanga kufundisha sekondari.

Kiwanda kilipofungwa, Soulé alikuwa hajachoka kupima. Aliranda nyumbani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Halafu mwaka 2009 mzungu mmoja mzee aliyekuwa amepanga nyumba Ambanoro akarudi kwao, akamwachia darubini yake na kamera ndogo ya kufunga nyuma yake, kwa kuwa Soulé ndiye mtu pekee kisiwani aliyewahi kumuuliza vile vitu vinafanyaje kazi. Soulé akampigia simu mpwa wake. Wao wawili walizungumza Kimalagasi cha kaskazini, kama kila mtu pale. Kikomoro kilitoka katika salamu, dua, na hasira.

"Kwezi, mjomba," Rabiata alisalimu, kama mdogo anavyomsalimu mkubwa.

"Mbona," akaitikia mjomba, kama salamu hiyo inavyojibiwa. "Mwanangu, nina mashine ya kupiga picha nyota. Sasa nataka kupima mwanga wake. Kutazama tu sitaki. Nipime na nini?"

Swali hilo lilimkuta Rabiata mahali pake. Mwaka ule alikuwa amejiunga na kundi la watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso, waliokuwa wakiandika programu huria ya kupima nyota. Unaipa programu picha, inakuambia nyota fulani inang'aa kiasi gani ikilinganishwa na jirani zake. Unaipa mwanga uliotawanywa rangi zake, inakuambia kila rangi ina nguvu gani. Programu ile ilikuwa haiuzwi wala haifichwi. Kila mstari wake uliwekwa wazi mtandaoni, na yeyote aliyetaka angeweza kuusoma, kuusahihisha, au kuongeza wake. Rabiata, ambaye kompyuta yake ilikuwa kuukuu na mtandao wake wa kukatika-katika, alitengeneza toleo jepesi kwa ajili ya watu kama yeye, maelezo yake yote kwa Kifaransa. Baadhi ya sehemu ilimbidi aziandike upya mwenyewe. Mojawapo ilikuwa sehemu ya kusahihisha saa.

Ilihitajika kwa sababu hii. Dunia inapolizunguka jua, miezi fulani inakuwa karibu zaidi na nyota unayoipima, miezi mingine inakuwa mbali zaidi. Nuru ya nyota hiyo kwa hiyo hutufikia mapema au kwa kuchelewa, hadi dakika nane. Wapimaji hurekebisha saa zao kana kwamba wote wamesimama kwenye jua, ili kipimo cha Februari kilingane na cha Juni. Ni hesabu ya mistari kumi na miwili. Rabiata aliiandika alasiri moja, akaijaribu mara moja, akaendelea na mengine.

Soulé akawa mtu mpya. Alichagua nyota moja katika kundi la Nge, ambayo kwa kweli ni nyota mbili zinazozungukana. Kila moja inapopita mbele ya mwenzake mwanga hupungua kwa saa chache, kisha hurudi. Alipima dakika ambayo mwanga ulifika chini kabisa. Akairudia safari ya pili, ya kumi, ya hamsini. Mwisho wa 2012 alikuwa na vipimo vya misimu mitatu, na katika vipimo hivyo alikuwa ameona jambo.

"Hazishiki saa," alimwambia Rabiata kwenye simu kwa furaha. "Februari zinachelewa. Juni zinatangulia, karibu robo saa nzima. Oktoba zinachelewa tena. Na mwaka unaofuata, vilevile. Unajua maana yake? Kuna kitu kinazivuta. Kuna nyota ya tatu pale, mwanangu, hatuioni."

Rabiata alikuwa akisahihisha karatasi za wanafunzi. Alisema, "Mashallah, mjomba," akamsaidia kuandika ripoti, akaituma kwa hazina moja ya kimataifa inayohifadhi vipimo vya nyota. Hakuiangalia kwa makini. Baadaye, kila alipoikumbuka simu ile, hilo ndilo lililomwuma kwanza: kitu kinachojirudia kila baada ya mwaka mmoja kamili ni kitu cha kutiliwa shaka, na mwanafunzi wake wa mwaka wa mwisho angeliona hilo.

Mhakiki wa hazina aliliona. Jibu lilikuja Februari 2013, la adabu na fupi. Mwendo wa mwaka mmoja kamili, aliandika, hautoki kwenye nyota. Unatoka kwa mpimaji. Huenda saa yake si sahihi, au anasahihisha vibaya. Vipimo vyote mia mbili na kumi na vinne vimewekwa alama ya kutoaminika hadi ieleweke.

Soulé alikagua saa yake kwa taarifa za redio, asubuhi na jioni, mwezi mzima. Haikukosea hata sekunde mbili.

Mwezi wa Machi Rabiata alikuwa darasani Mahajanga, akiwaonyesha wanafunzi ubaoni jinsi nuru inavyochelewa. Alifanya hesabu kwa chaki, kisha, ili kuwavutia, akawasha kompyuta aonyeshe programu yake inatoa jibu lilelile. Programu ilitoa namba ileile kabisa. Ila ubaoni ilikuwa ya kujumlisha, na kwenye kompyuta ilikuwa ya kutoa.

"Mwalimu, nani kakosea?" akauliza msichana wa mbele.

"Tutaangalia kesho," alisema Rabiata, akaizima.

Nyumbani haikumchukua dakika moja. Mstari wa tisa, alama ya kutoa mahali pa kujumlisha. Programu, badala ya kuliondoa kosa la dakika nane, ilikuwa ikiliongeza mara mbili. Watu wengine waliotumia toleo lake walipima nyota zinazobadilika polepole, kwa wiki na miezi, ambapo robo saa si kitu. Ndiyo maana hakuna aliyelalamika. Aliyehitaji dakika alikuwa mjomba wake.

Alibadilisha alama. Kila badiliko katika programu ile lilipaswa kuambatana na sentensi ya kueleza limefanywa nini na kwa nini. Rabiata alikaa mbele ya kisanduku kitupu cha kuandikia sentensi hiyo. Juma lile lile kundi lilikuwa likipiga kura ya kumchagua awe mmoja wa walezi sita wa programu, watu wenye mamlaka ya kukubali au kukataa kazi za wenzao. Hakuwahi kuwapo mlezi kutoka Madagaska. Alikuwa ameshamwambia mkuu wake wa shule, na wanafunzi walikuwa wamempigia makofi. Akaandika: "Usafi mdogo." Akabonyeza.

Alijipa sababu. Hakuficha kitu, alijiambia. Badiliko liko hadharani, na alama zote mbili, ya zamani na mpya, mtu yeyote duniani anaweza kuziona. Nitamwambia mjomba kura ikishapita. Kura ikapita, akachaguliwa. Nitamwambia nikienda likizo.

Kabla ya likizo mjomba akapiga simu.

"Nimeandika barua kwa yule bwana mhakiki," alisema. "Kwa Kifaransa. Nitafsirie kwa Kiingereza, mwanangu, uitume."

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa mwandiko ule uliosimama wima wa daftari za maabara. Soulé aliomba radhi kwa kuwapotezea muda. Alieleza kwamba alikuwa mtu wa kiwandani, asiyekuwa na shahada, na kwamba bila shaka mikono yake ilikosea mahali ambapo akili yake haikuweza kupaona. Aliahidi hatawasumbua tena.

Rabiata aliitafsiri yote. Kwenye sentensi ya mikono alisimama, akaenda jikoni, akanywa maji, akarudi, akaichagulia maneno mazuri. Kisha akaituma. Hilo ndilo lililokuja kumnyima raha miaka miwili na zaidi. Alama ya kutoa ilikuwa bahati mbaya. Barua aliiandika kwa vidole vyake akijua kila neno lake ni uongo, na mwenye kusema uongo huo hajui.

Soulé aliifunika darubini kwa shuka na kuisukuma nyuma ya kabati. Alipoulizwa alisema umri.

Rabiata naye akawa mlezi mkali. Wenzake walimsifu kwa jinsi alivyokagua kazi za watu. Hakuruhusu mstari upite bila majaribio matatu. Walipomwandikia kumsifu, hakujibu. Likizo za kwenda Dzamandzar alizifupisha. Alituma zawadi, akapiga simu siku za sikukuu, na mjomba alipouliza habari za "ile programu yetu," alibadilisha mazungumzo. Usingizini hakusumbuliwa na kitu. Ilimjia mchana, katikati ya somo, anapoinua chaki kuandika alama.

Agosti 2015 binamu yake Hadjira, binti wa Soulé, aliolewa Ambanoro. Hakukuwa na kisingizio cha kutokwenda. Baada ya nikaha wanaume wazee walikaa barazani na chai, na Rabiata alikuwa akipita na sinia la sambusa alipomsikia mjomba akisimulia.

"Mnamwona huyu?" alikuwa akijigonga kifuani. "Mimi ndiye mtu aliyegundua nyota isiyokuwepo. Niliwaandikia mpaka Ulaya! Miaka mitatu naikodolea macho, kumbe naikodolea saa yangu mwenyewe."

Watu wakacheka. Boinali, aliyefanya naye kazi kiwandani, akasema labda joto la matanuri lilimkaanga ubongo. Wakazidi kucheka, na Soulé alicheka kuliko wote, kicheko kirefu cha mtu aliyeisimulia hadithi hiyo mara nyingi kabla wengine hawajaanza kuisimulia nyuma yake. Rabiata aliweka sinia chini, mahali ambapo hapakuwa na meza. Sambusa zikamwagika sakafuni.

Asubuhi yake, wanawake wakiosha masufuria uani, alimkuta mjomba ameketi kwenye ngazi za nyuma akikunja mikeka ya wageni.

"Kwezi, mjomba."

"Mbona. Umelala vizuri?"

"Mjomba, mikono yako haikukosea."

Hakuelewa. Akamweleza: mstari wa tisa, alama, dakika nane zilizogeuka kumi na sita. Alimweleza taratibu kama anavyoeleza darasani, kwa sababu hakujua namna nyingine. Soulé alisikiliza akiwa ameshika mkeka uliokunjwa nusu. Alipomaliza, uso wa mzee ulikuwa umeanza kung'aa.

"Kwa hiyo vipimo ni vizuri," alisema. "Nyota ya tatu haipo, sawa. Lakini vipimo ni vizuri."

"Ni vizuri sana."

"Alhamdulillahi. Na umeligundua lini, mwanangu? Wiki hii?"

Angeweza kusema ndiyo. Alifikiri juu ya hilo baadaye, jinsi mlango ulivyokuwa wazi kabisa mbele yake.

"Machi," alisema. "Mwaka 2013."

Soulé alihesabu. Rabiata alimwona akihesabu. Midomo yake ilicheza kama ilivyocheza zamani juu ya bomba la kioo.

"Barua yangu ilikuwa ya mwezi wa tano."

"Ndiyo, mjomba."

"Na aliyeitafsiri barua yangu ni wewe."

"Ni mimi."

Alimaliza kuukunja mkeka, akauweka juu ya mingine, akasawazisha kingo. Kisha akasema kwa Kikomoro, lugha ambayo, nje ya salamu na dua, aliitumia alipokasirika tu, na bila kupaza sauti, kwamba wageni wanasubiri chai na yeye aende akasaidie wenzake. Siku mbili zilizobaki, Rabiata alipomsalimia kwezi, mjomba hakumwitikia.

Alirudi Mahajanga, na jioni ile ile akaandika tangazo kwenye ukurasa wa programu. Lilikuwa na sentensi chache. Alisema kosa lilikuwa nini, liliingia lini, lilitolewa lini. Alisema aliliona mwenyewe, akalirekebisha kwa kulipa jina la usafi, na akanyamaza, na kwamba mpimaji mmoja huko Nosy Be alivunjiwa heshima kwa sababu hiyo. Alitaja jina la Soulé na la kwake. Kisha akaomba kuondolewa kwenye ulezi.

Alikuwa anatarajia wenzake wamkatalie. Mratibu wa kundi, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, alimjibu kesho yake: makosa wote wanayafanya na hakuna anayeondolewa kwa kosa, lakini kulificha ni jambo jingine, ombi limekubaliwa, na wangefurahi akiendelea kuchangia kama mtu mwingine yeyote. Barua haikuwa na ukali wowote. Rabiata aliisoma mara nyingi, akitafuta mahali pa kuikasirikia.

Sasa alihitaji picha za asili ili apime upya kila kitu, na hizo alikuwa nazo mjomba. Alimpigia Hadjira, kwa kuwa mjomba hakupokea simu. Wiki mbili baadaye abiria mmoja alimletea bati la biskuti lililofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na diski, zote zimeandikwa tarehe, na daftari: hali ya hewa, saa, kila kipimo mara tatu. Palipokuwa na vipimo vilivyogombana, vilipigwa mstari na sababu ikaandikwa pembeni. Hapakuwa na barua.

Alifanya kazi hiyo mwezi mzima baada ya shule, picha kwa picha. Vipimo vilipomaliza kurekebishwa saa zake vilishuka kwenye mstari mmoja ulionyooka, vyote mia mbili na kumi na vinne, hakuna hata kimoja kilichotoka zaidi ya dakika moja. Alikuwa amewahi kuona kazi za watu wenye vifaa vikubwa zisizofika hapo. Aliutazama ule mstari na akatamani ungekuwa na kasoro kidogo.

Hazina ikaviondolea vipimo alama ya kutoaminika mwanzoni mwa 2016, na yule mhakiki akaambatanisha maelezo yake mwenyewe: anasikitika kwa kumlaumu mpimaji, na anamwomba Bwana Soulé aendelee, kwa kuwa upande ule wa dunia una wapimaji wachache. Rabiata aliyachapa kwa Kifaransa, akayatuma kwa Hadjira ayasome nyumbani kwa baba yake.

Siku ya tatu simu ikalia.

"Kwezi, mjomba," alisema.

"Mbona," akaitikia mjomba.

Alimwambia yote aliyokuwa amejipangia kumwambia, na Soulé akamwacha amalize. Kisha Rabiata akasema kwamba Februari imefika, Nge atakuwa anapanda, kwa nini asiitoe darubini nyuma ya kabati.

"Jicho la kulia limeziba," mjomba alisema. "Mtoto wa jicho. La kushoto linafuata. Daktari wa mjini Hell-Ville anasema lilianza miaka miwili iliyopita, pole pole." Rabiata akahesabu. Miaka miwili iliyopita bado alikuwa anaona, na darubini ilikuwa chini ya shuka.

"Nisamehe, mjomba."

"Nimekuitikia salamu," alisema Soulé. "Hilo lingine usiniharakishe." Akakohoa. "Nina swali. Hao wengine je?"

"Wengine gani?"

"Hiyo programu nilikuwa natumia peke yangu?"

Rabiata alisema tangazo liko kwenye ukurasa, yeyote anaweza kulisoma.

"Mimi nilikuwa nausoma huo ukurasa?" aliuliza mzee. "Mtu aliyekwisha kukata tamaa anarudi kusoma matangazo? Waandikie. Mmoja mmoja."

Majina yalikuwa thelathini na moja, ya watu waliowahi kumwandikia kuomba msaada wa kusakinisha toleo lake. Aliwaandikia wote, kila mmoja barua yake, akieleza kosa na namna ya kulirekebisha. Wengi walijibu kwamba haikuwagusa, wakamshukuru. Wengine hawakujibu. Mwezi wa Aprili alipata jibu kutoka Mutsamudu, huko Komoro, kwa fundi wa redio aitwaye Athoumani. Naye alikuwa amepima jozi moja ya nyota, mwaka 2011 na 2012, na naye aliona hazishiki saa. Hakumwandikia mtu yeyote. Aliona aibu, akadhani hajui kazi, akafuta picha zote ili apate nafasi kwenye kompyuta. "Asante kwa kunijulisha," aliandika, "ingawa sina tena cha kurekebisha."

Rabiata alimsomea mjomba barua hiyo kwenye simu, kwa sababu sasa alikuwa akimsomea kila kitu.

"Isome tena," alisema Soulé. Rabiata akaisoma tena.